Mpishi wa Mzazi

Ilipofika saa nne asubuhi nilikuwa nimeshalishwa mara tatu. Kwanza uji wa ulezi na maziwa, halafu supu, halafu bakuli la mtori wa ndizi na nyama ambalo mama mkwe alinisimamia mpaka nikalimaliza lote. Alipotoka tu nikateremka kitandani, nikaenda dirishani kuangalia njia inayopanda kwetu kupitia migombani. Hakuna mtu. Nikarudi kitandani. Nikainuka tena. Wingu lilikuwa limeshuka tangu alfajiri, mlima hauonekani, na kila jani la mgomba lililotikisika nilidhani ni yeye.

Wenseslaus aliniahidi Ijumaa. Leo Jumamosi.

Mimi si mtu wa kuzunguka mbuyu, kwa hiyo niseme ukweli. Nilikuwa nimemkasirikia mume wangu na nilikuwa nimemkumbuka. Vyote viwili kwa wakati mmoja, kwa mtu yule yule, na jamani hakuna kitu kinachochosha roho kama hicho. Nikimwaza midomo yake natabasamu, nikikumbuka ile midomo iliahidi nini nasonya.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Huku kwetu Kibosho mwanamke akijifungua anawekwa ndani miezi mitatu. Halimi, hapiki, hachoti maji. Mama mkwe ndiye anayemlisha. Siku ya kumtoa anavalishwa, anapelekwa kanisani na mtoto wake, na nakwambia watu wanamtazama mama kabla ya kumtazama mtoto. Mashavu yamejaa? Ngozi inang'aa? Kama amenawiri, sifa zote ni za mama mkwe. Kama amekonda, mama mkwe hana pa kuficha uso, watamsema mpaka Krismasi.

Sasa mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Shirimatunda, pembeni ya mji wa Moshi. Sheria ya wakati ule, mwaka tisini na sita, ilitoa likizo ya uzazi yenye mshahara mara moja tu katika miaka mitatu. Yangu nilikuwa nimeshaitumia mwaka tisini na nne, kwa Rogath wangu. Rogath aliishi siku kumi na moja. Likizo ikaendelea bila yeye, siku sabini na tatu nimekaa na matiti yamejaa na mikono mitupu. Lakini kwenye faili ilikuwa likizo, nimeipata, imekwisha. Kwa huyu wa pili, binti yetu, nikapewa likizo ya mwaka tu, siku ishirini na nane. Jumatatu saa moja asubuhi nilitakiwa niwe mbele ya darasa la tatu.

Na mama mkwe alikuwa hajui.

Hicho ndicho kilichoninyima usingizi. Wense alisema nimwachie yeye, kwamba mama yake anamjua yeye, atamwambia taratibu. Akapanda mlimani kwa kazi yake ya wageni safari ya kwanza, akashuka, akanisalimia akiwa mlangoni kwa sababu mwanamume haingii hovyo chumba cha mzazi, akamtazama mtoto kwa mbali, akala, akapanda tena. Hakusema. Safari ya pili hivyo hivyo. Hii ilikuwa ya tatu, na siku zilikuwa zimebaki mbili. Mama mkwe kila jioni ananishika mkono wa juu, anaubonyeza kwa vidole, anasema bado, bado, mwezi wa nane ndiyo utaona. Mimi namjibu ndiyo mama.

Kulikuwa na jambo la pili ambalo mama mkwe hakulijua, na hilo lilikuwa la miaka, si la wiki nne. Kanisani, sokoni, kwenye jumuiya, alikuwa amewaambia watu wote kwamba mwanawe anawaongoza wazungu mpaka kileleni. Mwanawe hajawahi kumwongoza mtu. Mwanawe ni mpishi. Anapanda na masufuria na jiko la mafuta ya taa, anawapikia wageni supu na kuku na keki mahali ambapo hata maji yanagoma kuchemka, na wageni wanashuka wakisema watakikumbuka chakula kuliko kilele. Kwa mama aliyemfukuza mtoto wa kiume jikoni tangu ana miaka saba, Wense aliona aibu kusema. Neno moja la uongo alilolitamka siku ya kwanza ya kazi likakua, likaota mizizi, akashindwa kuling'oa.

Mimi mwenyewe alinipata kwa chakula. Tulikuwa tumepanga nyumba moja Shirimatunda, yeye chumba cha mwisho mimi cha kwanza, na jioni moja nikasikia harufu ya viazi nikafuata kama mtu aliyeitwa. Akanipakulia bila kuniuliza jina. Nilikula nimesimama, yeye ananitazama kwa macho yale yake ya kutulia, na nilipomrudishia sahani vidole vyetu vikagusana. Kesho yake nikarudi na sahani yangu mwenyewe.

Basi. Saa nne na nusu hivi nikamwona.

Alikuwa anapanda kwa hatua za mtu aliyechoka, koti limefungwa mpaka shingoni, uso umebabuka kwa jua na baridi ya huko juu. Akainua kichwa kuangalia dirisha. Hakunipungia mkono, alinitazama tu, na hasira yangu yote niliyoipika wiki nzima ikaanza kuyeyuka. Nikajilazimisha kuirudisha.

Mama mkwe alikuwa uani anamenya ndizi mshare na jirani yake, Mama Pamela, aliyekuja na chupa ya maziwa kumwona mzazi na alikuwa bado hajaona sababu ya kuondoka. Wense akawaamkia shikamoo wote wawili. Mama Pamela akamwuliza vipi huko juu, wazungu wangapi amewafikisha safari hii. Wense akasema wote wamefika. Nilimsikia sauti ilivyoshuka.

Akaja mlangoni kwangu, akasimama pale pale kwenye kizingiti anaposimama siku zote. Alinuka moshi na mafuta ya taa. Mtoto alikuwa amelala kifuani pangu.

"Umeamkaje, Theo?"

"Umemwambia?"

"Ngoja kwanza."

"Wense, keshokutwa ni Jumatatu."

Akaegemea mwimo wa mlango. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba jana alichelewa kwa sababu alikwenda ofisini kwa bosi wake mjini, kumwomba likizo. Miezi miwili. Bosi akamwuliza kwani nani anaumwa. Akasema hakuna anayeumwa, mke wangu amejifungua. Bosi akacheka mpaka akaita watu wa chumba cha pili waje wasikie, akamwuliza kama amejifungua yeye. Kisha akaacha kucheka, akamwambia msimu umeanza, Jumanne kuna kundi la watu kumi na mmoja, na kama hatakuwepo getini, nafasi yake atapewa mwingine moja kwa moja.

"Nawe ukasemaje?"

"Nikamrudishia masufuria yake."

Nilimtazama. Nikataka kumwambia ni mwendawazimu, kwamba kazi ya mlimani haipatikani mara mbili, kwamba watu wanagombania kubeba hata mizigo. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nakaa na mtoto mimi," akasema. "Wewe unakwenda kufundisha. Saa nne nakuletea shuleni anyonye, saa saba unarudi nyumbani. Nafua, napika, nakulisha. Miezi miwili iliyobaki nakulisha mimi."

"Watu watakucheka, Wense."

"Wameshaanza tangu jana. Sijafa."

Akanyoosha mkono ndani ya chumba, mkono peke yake, miguu imebaki nje. Nikauchukua. Ulikuwa umepasuka pasuka kwa baridi, mgumu kama gome, na nikaubusu bila kujali nani anaona. Nilimpenda wakati ule kuliko siku ya viazi, kuliko siku ya harusi. Nikamwambia aende akaseme sasa hivi, kabla sijaanza kulia na kabla hajaanza kuogopa.

Akageuka akaenda uani. Nikasogea dirishani na mtoto.

Nilidhani atamwita mama pembeni. Hakumwita. Alivuta kigoda akakaa mbele yake, Mama Pamela yupo na kisu chake mkononi, akaeleza yote. Sheria, likizo, Rogath, siku ishirini na nane, Jumatatu. Mama mkwe aliendelea kumenya ndizi hadi mwisho wa maneno. Kisha akainua macho kwenye dirisha langu.

"Na wewe ulikuwa unajua," akasema.

Nikainamisha kichwa. Wiki nne mama huyu ameamka usiku kunikanda kwa maji ya moto, na mimi nimekaa na siri kifuani.

Akasema basi, kama kazi ni kazi, mwalimu ateremke, mtoto abaki. Ng'ombe yupo, maziwa yapo, yeye amelea sita. Nikasema hapana, mama. Lilinitoka kabla sijalipima. Sikuwahi kumwambia hapana tangu niolewe.

Mama mkwe akaweka kisu chini.

"Wa kwanza mlikaa naye mjini," akasema. "Niliwaambia mleteni huku kwenye joto, nimlishe mama yake. Mkasema hapana, mjini ndiyo karibu na hospitali. Homa ya siku moja. Nani alimzika? Nilimzika mimi, pale chini ya migomba, pembeni ya babu yake aliyempa jina. Mwanamke huyu siku ile hawezi hata kusimama. Na baba yake mtoto yuko juu ya mlima anaongoza watu."

Hata Mama Pamela aliinama. Miaka miwili tulikuwa tunazunguka hayo maneno kila tunapopanda kusalimia, na sasa yamewekwa uani mchana kweupe. Nikajua kumbe si mashavu yangu tu yaliyokuwa yanamkosesha amani. Mama huyu alikuwa anaogopa kama ninavyoogopa mimi.

Wense alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Sikuwa naongoza mtu, mama," akasema. "Nilikuwa napika."

"Unasema nini?"

"Mimi ni mpishi. Tangu siku ya kwanza ni mpishi. Sijawahi kuongoza mtu hata hatua moja. Siku mnamzika mtoto wangu nilikuwa kambi ya Barafu nawakorogea watu supu ya nyanya. Nikashuka siku ya tatu nakuta majani ya mgomba yamekauka juu ya udongo. Sitapanda tena nikiwa na mtoto mchanga. Nimeacha kazi."

Mama Pamela akasema "Yesu wangu" polepole sana. Nilimwona mama mkwe anavyogeuza shingo kumtazama jirani yake, kisha mwanawe. Uso ulimshuka. Miaka sita ya sifa ilikuwa inaanguka pale mbele ya mtu ambaye kesho, baada ya misa, angewaeleza wengine wote. Nilitamani wingu lile lishuke lifunike ua mzima.

"Siku ile," mama akasema, "ungekuwa mpishi, ungekuwa mwongozaji, ungekuwa nani, mimi sikuhitaji kazi yako. Nilikuhitaji wewe."

"Najua, mama. Ndiyo maana nimekuja."

Mama mkwe akafuta mikono kwenye khanga. Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Mtori unajua?"

"Najua."

"Nani alikufundisha?"

"Wewe. Kabla hujanifukuza jikoni."

Mama mkwe akasukuma beseni la ndizi kwa mguu.

"Ndizi hizo hapo. Nyama iko ndani. Mzazi anakula saa saba."

Wense akavua koti. Akaingia kwenye jiko la nje, jiko ambalo mwanamume wa nyumba ile hajawahi kuinama mlangoni mwake, na mimi nikabaki dirishani nimekodoa macho. Ningesema nilikuwa natazama upishi, ningedanganya. Nilikuwa natazama mabega yake. Aliosha nyama, akaiinjika, akaengua povu, akapanga ndizi juu na kufunika kwa jani. Hakupoteza tone la maji wala hatua ya mguu. Mama mkwe alisimama mlangoni mikono nyuma, anatafuta kosa. Alisema kuni nyingi. Alisema ndizi amezikata kubwa. Wense alijibu ndiyo mama, akaendelea vile vile alivyokuwa anafanya. Mama Pamela alisogeza kigoda apate kuona vizuri.

Mtoto akaamka akalia. Nilikuwa naanza kumfungua nguo, mama mkwe akaingia, akamchukua mikononi mwangu, akatoka naye mpaka jikoni.

"Amelowa," akamwambia Wense. "Huko mjini sufuria ikiwa motoni na mtoto amelowa, nani anakuja?"

Wense akaipua sufuria. Akanawa mikono mara mbili. Akaifuta. Kisha akasimama tu, mikono iko mbele yake, haipokei.

Mimi peke yangu nilijua. Hakuwa amembeba binti yetu hata mara moja. Wiki nne alikuwa anasimama kwenye kizingiti na watu wanadhani ni heshima ya mila. Mara ya mwisho mikono ile kubeba mtoto ilikuwa siku ya sita ya Rogath, alfajiri, kabla hajafunga mzigo wake na kuondoka. Mtu anayevuka miamba na sufuria ya maji ya moto bila kumwaga alikuwa anatetemeka kwa kilo tatu na nusu.

Nikafungua mlango. Nikavuka kizingiti. Mzazi hatoki nje kabla ya siku zake, nalijua hilo, na nilivuka peku na khanga ya kulalia, upepo wa mlimani ukinipiga kifuani. Mama mkwe aliniona. Nilipita mbele yake, nikasimama karibu na mume wangu mpaka bega langu likagusa mkono wake.

"Mchukue, baba Salvina," nikamwambia.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Mtoto alipewa jina la bibi yake huyo aliyembeba, kama desturi, na nadhani wote watatu tulilisikia jina lile kwa wakati mmoja. Mama mkwe akamsogeza mtoto mbele. Wense akampokea.

Alimbadilisha juu ya mapaja yake, pale jikoni kwenye kigoda. Nepi aliifunga upande, pini ikamchoma kidole, machozi yakawa yanamtiririka mpaka kidevuni na hakuwa na mkono wa kuyafutia. Nikayafuta mimi kwa pindo la khanga. Mtoto alinyamaza akamtazama baba yake kwa yale macho ya watoto yasiyotazama mahali. Mama mkwe akageukia ukuta, akawa anapanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa.

Saa saba kasorobo nikaletewa bakuli chumbani. Mama mkwe alikaa kitandani kwangu, kijiko kimoja mkononi mwake, kimoja mwangu. Wense mlangoni na mtoto kifuani. Mama Pamela nyuma yake.

"Kula."

Nikala. Ulikuwa laini, mzito, umekolea samli, unateremka wenyewe. Nisamehe mama mkwe wangu, ulikuwa mzuri kuliko wake.

"Mtori umekosa nini?" akauliza.

Hilo ndilo swali la kuvunjia ndoa ya watu. Nikasema haujakosa kitu, mama, ni kama wako. Akachota kijiko chake, akaweka mdomoni, akafumba macho. Kule nje ng'ombe alilia, hakuna aliyegeuka.

"Chumvi haijafika," akasema. Akachota cha pili. Akachota cha tatu.

Kisha akainuka, akainama chini ya kitanda chake kilicho humo humo chumbani, akatoa kopo la samli aliloniwekea kwa mwezi wa saba na wa nane. Akaliweka miguuni pa Wense.

"Jumapili tarehe nane Septemba namtoa mzazi wangu kanisani. Mtaniletea Jumamosi yake nimtazame. Akipungua hata shavu moja, mimi na wewe tutakula sahani moja. Na mtoto akipata joto hata la saa moja, usingoje basi. Unambeba unapanda naye kwa miguu."

"Ndiyo, mama."

"Aika," mama mkwe akasema kwa Kichaga, asante, na sikujua anamshukuru nani. Akanishika mkono wa juu, akaubonyeza kama kila siku. Safari hii hakusema bado. Aliushika tu, kisha akauachia.

Akatoka kumsindikiza Mama Pamela. Wense akasimama kwenye kizingiti, Salvina amelala begani kwake. Nikamwangalia miguu. Akaiangalia na yeye. Halafu akavuka, akaja akakaa kitandani kwangu, mahali ambapo hakuwa amekaa wiki nne, na nikaegemeza kichwa upande wa bega lililobaki wazi. Moyo wangu ulikuwa bado haujatulia, Jumatatu ilikuwa bado inakuja, kazi hatuna ila yangu. Lakini mzigo wa bega lake ulikuwa pale.

Dirishani zikaingia sauti za wale wawili wakiteremka njia ya migombani. Mama Pamela alikuwa anauliza jambo kwa upole, ule upole wa mtu anayekusanya habari. Kisha nikamsikia mama mkwe, kwa sauti ile ile ya kanisani, ile ya kutaka na wa nyumba ya pili wasikie.

"Sasa wewe Mama Pamela, hebu fikiri. Njia si ipo tu? Hata kondoo anaweza kuifuata. Lakini kule juu kwenye barafu, bila mwanangu kuwapikia, hakuna mzungu anayefika."